Ofisa mwanafunzi aanzie jikoni, Sun Tzu atamkuta huko

Mhariri,

Nimesoma makala ya mchangiaji wenu anayetaka kila ofisa mwanafunzi amkariri Sun Tzu, mwandishi wa kale wa China wa kitabu cha mbinu za vita, kabla ya kutunukiwa kamisheni. Kumsoma, namuunga mkono. Kumkariri, hapana.

Wachina wenyewe walishapita huko. Mwaka 1080 mfalme Shenzong wa ukoo wa Song aliagiza vitabu saba vya kale vya kijeshi, cha Sun Tzu kikiwemo, vikusanywe na kuhaririwe kwa ajili ya mafunzo ya maofisa. Vijana wakavimeza na mitihani wakafaulu. Mwaka 1127 Wajurchen kutoka kaskazini walikuwa wameshauteka mji mkuu, Kaifeng, wakaondoka na mfalme aliyekuwa madarakani pamoja na baba yake aliyemrithisha kiti. Sisemi vitabu ndivyo vilivyowaponza. Nasema hodari wa kunukuu si lazima awe hodari wa kuongoza.

Mchangiaji kaisifu mno ile hadithi ya Sun Tzu kuwafundisha gwaride masuria wa mfalme wa Wu, mpaka wawili wakakatwa vichwa kwa sababu wenzao walikuwa wanacheka. Imo katika historia ya Sima Qian, mwanahistoria wa China, iliyoandikwa karne kadhaa baadaye, na mimi siipendi. Luteni Usu akianza na hiyo ataamini nidhamu ni kutisha watu. Sima Qian huyo huyo anamweleza Wu Qi, jenerali aliyekula chakula cha askari wa chini kabisa na kubeba rasheni yake mwenyewe. Mbona huyo hakutajwa?

Nilikuwa mtu wa ugavi, kwa hiyo upendeleo wangu uko wazi. Katika sura 13 za Sun Tzu, ningeanza na ya pili, ambayo wapenda misemo huiruka kwa kuwa imejaa hesabu: magari ya farasi, askari laki moja, chakula cha kusafirishwa li elfu moja (li ni kipimo cha umbali cha Wachina), hata gundi na vanishi ya kukarabatia vifaa. Anasema kipimo kimoja cha chakula ulichokitwaa kwa adui ni sawa na ishirini ulivyovitoa nyumbani, na kwamba hakuna nchi iliyowahi kunufaika na vita vya kuburuzana muda mrefu.

Wa rika langu hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Novemba 1978 Mwalimu alituambia uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Uwezo huo, sisi wa ugavi tuliubeba mgongoni kwa magunia. Reli kutoka Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,200, kisha kuna ziwa, kisha barabara, na mbele daraja la Kyaka limelipuliwa. Malori ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kuongeza nguvu. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na tuliporudi tukaambiwa nchi nzima ifunge mikanda miezi 18. Wenye kumbukumbu wanajua mikanda ile ilifungwa mpaka lini.

Nikiwa Mwanza alikuja luteni mmoja kijana, msomi, mwandiko mzuri. Orodha yake ilikuwa na unga, maharage, chumvi, sukari na mafuta ya kula. Kuni hakuandika, na mvua ilikuwa inanyesha. Nikamuuliza, "Afande, unga huu wataulamba?" Alicheka, akachukua kalamu, na tangu siku hiyo kila orodha yake ilianza na kuni na maji. Huyo alikuwa tayari kwa Sun Tzu.

Kwa ofisa kama yule, kisa cha kumpa ni cha Sun Bin, anayesemekana kuwa wa uzao wa Sun Tzu, karne ya nne kabla ya Kristo. Akiwa na jeshi la dola ya Qi ndani ya ardhi ya dola adui ya Wei, aliamuru siku ya kwanza yachimbwe meko ya watu laki moja, siku ya pili ya watu elfu hamsini, ya tatu elfu thelathini. Pang Juan, jenerali wa Wei aliyekuwa akiwafukuza, aliwadharau watu wa Qi tangu zamani. Alipohesabu meko akafurahi: zaidi ya nusu wametoroka! Akawaacha nyuma askari wa miguu, akakimbia na kikosi chepesi mpaka kwenye njia nyembamba ya Maling usiku. Kulikuwa na mti umebanduliwa gome na kuandikwa kwamba Pang Juan atafia chini yake. Akawasha moto asome. Wapiga mishale wa Sun Bin walikuwa wanausubiri moto huo. Wengi humsifia Sun Bin wakaishia hapo; mimi ningemtahini kijana kuhusu Pang Juan, aliyehesabu sawasawa kabisa na bado akafa.

Halafu tusisahau ya kwetu. Abiria wa daladala za Tegeta wanapita kambi ya Lugalo kila siku, na wengi hawajui jina limetoka wapi. Agosti 17, 1891, Wahehe waliuvizia msafara wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, huko Lugalo, Iringa, wakamuua yeye na sehemu kubwa ya kikosi chake, wengi kwa mikuki. Miaka mitatu baadaye Mkwawa, mtawala wao, alijifungia nyuma ya kuta za ngome ya Kalenga, na Oktoba 1894 mizinga ya Wajerumani ikaibomoa. Msituni aliwachagulia uwanja. Ukutani wakamchagulia wao. Kwa nini aliyeshinda kwa kuvizia aliamua kupigania nyuma ya ukuta? Wape maofisa wanafunzi swali hilo wakiwa wamesimama palepale, kila mmoja na Sun Tzu wake mkononi, wabishane mpaka jioni. Mabasi ya Iringa yanaondoka stendi ya Magufuli alfajiri, Kalenga iko jirani na mji, na nauli ya darasa zima haifikii gharama ya semina moja ya hotelini.

Sajinitaji mstaafu,
Tegeta, Dar es Salaam