Vidoti vyeusi vya puani si uchafu

Mhariri,

Ukurasa wako wa urembo unasomwa sana huku kwetu Kikwajuni, ndiyo maana nakuandikia wewe. Kazi yangu ni kutengeneza singo, ule mchanganyiko wenye karafuu wa kusugulia mwili, na kuwasinga maharusi, yaani kuwasugua kwa singo hiyo, kazi niliyorithi kwa bibi yangu. Kila ikifika Shaaban, harusi zinapofuatana kabla ya Ramadhani, huletewa mabinti ambao pua zimewachubuka.

Nikiwauliza, wote walikuwa wanaondoa vidoti vyeusi. Huyu kasugua kwa sukari na ndimu, yule kwa bekingi soda na dawa ya meno, mwengine kabana kwa kucha mpaka damu ikatoka. Wameambiwa ule weusi ni uchafu, basi wanausugua kama masizi ya sufuria.

Jamani, si uchafu. Ngozi hutoa mafuta yake kupitia vitundu vya vinyweleo. Mafuta hayo yakishikamana na ngozi iliyokufa, kitundu huziba. Mdomo wake ukibaki wazi, hewa ikiyapiga mafuta hayo, pamoja na rangi ya asili ya ngozi iliyomo humo, huwa meusi. Hata ukiosha uso kutwa nzima weusi hautoki. Na vile vidoti vidogo vya kijivu vilivyosambaa sawasawa puani ni maumbile tu, ukivitoa vinarudi.

Ndimu ndiyo inayonisikitisha zaidi, kwa sababu imo katika kila jiko na watu hudhani cha jikoni hakidhuru. Ngozi ya uso ina pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi ambacho namba ikishuka ukali huzidi, ya karibu 5. Maji ya ndimu ni kama 2. Ukiyapaka kisha ukatoka juani, yanaweza kukuunguza na kukuachia baka. Sisi wenye ngozi nyeusi, hata kidonda kidogo cha kucha huacha doa la miezi mingi. Singo nayo, nasema mimi ninayeiuza, ni ya mwili: karafuu yake kali na chenga zake zinakwaruza. Usoni simtii mtu.

Mabinti wangu nawaambia waoshe uso asubuhi na usiku kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, kwa vidole, dodoki liwekwe mbali. Mara moja kwa wiki wapake udongo mweupe wa kaolini uliolowekwa kwa maji, maana hufyonza mafuta, na waoshe kabla haujakauka kabisa. Mafuta ya nazi yabaki kwenye nywele na miguu. Usoni huziba vitundu. Anayetaka kulainisha uso atumie ute wa mshubiri, lakini kwanza auchuruzishe ule utomvu wa manjano, unawasha, na ajaribu mkononi kabla ya usoni.

Wiki sita hadi nane zikipita bila nafuu, nawapeleka duka la dawa wakaulizie asidi ya salisiliki isiyozidi asilimia 2, na wala sioni aibu. Inaingia kwenye mafuta na kulegeza kilichoziba. Asiyepatana na aspirini asiiguse. Vikivimba na kutunga usaha, ni kwa daktari wa ngozi.

Ombi langu, Mhariri: mkichapisha dawa za urembo, andikeni na muda wake. Bi harusi aanze miezi miwili kabla. Akiniletea baka la ndimu wiki ya harusi, sina la kumfanyia ila kulifunika kwa poda.

Msingaji wa maharusi,
Kikwajuni, Unguja