Mhariri, namba moja ya Google haiuzwi

Ndugu mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu, maana kurasa zenu za biashara kila siku zinatuhimiza sisi wenye biashara ndogo tuingie mtandaoni, sawa, tumeingia, ila hakuna aliyetuambia tukishafika huko tuandike nini.

Mi ni fundi fanicha hapa Keko, vitanda hasa na makabati kidogo. Miaka kadhaa nyuma alinijia kijana mmoja kapendeza, laptop begani, akasema ananitengenezea websaiti na ndani ya mwezi niko namba moja Google, laki nane, nusu mkononi nusu kazi ikiisha. Nikatoa. Websaiti ikawaka kweli, picha za masebule ya maana ambayo hata moja sijatengeneza mimi, na Kiingereza kibao. Kiingereza changu mimi ni cha kuombea maji, nikajua ndo mambo yenyewe hayo.

Siku moja mteja wa Mbagala akanipigia anacheka mpaka anakohoa. "Fundi, nimeona mnapeleka mzigo bure majimbo yote 50, sasa Mbagala ni jimbo la ngapi?" Sikumuelewa mpaka binti yangu aliponisomea, kumbe jamaa kakopi maelezo ya duka la Marekani vile vile yalivyo, na kwa chini kuna habari za kuota moto sebuleni baridi ikikaza. Baridi gani, Keko, mwezi wa pili? Binti akashuka hadi chini kabisa pale palipoonekana peupe, akapaka na mausi, yakatokea maandishi meupe juu ya meupe: fanicha Dar, fanicha bei rahisi Dar, fanicha bora Dar, fanicha Dar... Tulihesabu hadi sitini tukachoka.

Nimekuja kujua baadaye kwamba kuficha maandishi na kurundika neno moja ni vitu ambavyo Google wenyewe wameviweka kwenye orodha yao ya ujanja usiokubalika. Tangu Februari 2011 walipoleta lile badiliko lao la kupanga matokeo, wanaliita Panda, kurasa nyepesi na za kukopi zinashushwa, Agosti 2022 wakaleta lingine la kupandisha maandishi yanayomsaidia msomaji, Machi 2024 wakawabana wanaomwaga makala kwa mafungu ili wapande tu, iwe kaandika mtu iwe kaandika mashine. Na lile sanduku la maneno ya kutafutwa, keywords, lililofichwa ndani ya ukurasa, ambalo kijana alinilipisha elfu hamsini ya peke yake kulijaza, Google walishasema mwaka 2009 kwamba hawaliangalii kabisa. 2009, mhariri! Hiyo namba moja nayo, maelekezo yao yanasema wazi hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia. Kwenye matangazo yao unalipia, lakini matokeo ya kawaida hayana bei.

Kilichonifungua macho ni kitu cha bure kabisa, kinaitwa Search Console, ni cha Google hao hao, kinakuonyesha watu waliandika nini mpaka ukurasa wako ukawatokea. Binti alikuwa ameshaweka majina ya vitanda kwa Kiswahili chini ya picha, basi jioni moja tukakaa na chai tukafungua. Hakuna hata mmoja aliyeandika samani za kifahari. Wameandika "kitanda 5 kwa 6 bei", "mninga na mkongo upi mzuri", "kabati la nguo milango mitatu", "chaga za kitanda shingapi", na mmoja, Mungu ambariki, kaandika "kitanda kisichopiga kelele". Nilicheka halafu nikanyamaza. Hayo ndo maswali ninayojibu kutwa nzima nikiwa na randa mkononi, na kwenye websaiti yangu hakuna hata moja lililojibiwa.

Tukafuta yote. Mi naongea, yeye anaandika. Huo ukurasa wa kelele ndo tulianza nao: kitanda kinalia kwa sababu mbao ilipasuliwa ikaungwa ikiwa bado mbichi, ikija kukaukia chumbani kwako inasinyaa na viungo vinalegea, au chaga, zile mbao za kubebea godoro, zimewekwa chache na hazikukazwa zinasugua ubavu wa kitanda kila ukigeuka. Tukaeleza kwa nini mninga ukishakauka vizuri hauchezi chezi, kwa nini paini ya Sao Hill ni rahisi na inamfaa nani, mtiki wa Longuza kule Muheza unafananaje ukishapigwa vanishi. Picha nimepiga mwenyewe karakanani, vumbi la mbao linaonekana, na binti akazipunguza uzito maana picha ya MB tano inakula bando la mteja na hasubiri. Kila kitanda kikapata ukurasa wake na kichwa chake, "Kitanda cha mninga 5 kwa 6, bei na vipimo", sio "Karibu kwenye tovuti yetu" kila mahali.

Bei nikaweka wazi. Hapo mafundi wenzangu walinisema sana, eti washindani watanipiga chini, bei ni inbox. Haya, mtu kakaa kwenye daladala saa moja usiku anatafuta bei ya kitanda, wewe unamwambia njoo inbox, na Google nayo inbox yako haiingii, sasa nani atajua unauza?

Sitakudanganya mhariri, haikuwa wiki mbili, ilikuwa miezi, na kuna kipindi binti alitaka kuacha. Hata leo ukiandika fanicha tu mimi hunioni, wakubwa wamejaa. Lakini ukiuliza mninga na mkongo, au hiyo habari ya kelele, nipo huko juu, na anayenipigia akitoka kwenye kurasa zile hashtuki bei, anauliza nitaleta lini na ngazi zake zile nyembamba tutapitaje. Zamani katika simu kumi nilikuwa nauza moja kwa taabu.

Na wewe mhariri nikukosoe kidogo usinune. Gazetini kwako nimeshaona tangazo la "namba moja Google ndani ya siku 30" zaidi ya mara moja. Anayelipia tangazo ana haki yake, lakini basi ukurasa wa biashara umtume mwandishi akawaulize hao jamaa maswali.

Yule kijana kanipigia tena wiki iliyopita. Safari hii ana ofa ya makala mia kwa mwezi, zote za vitanda. Nikamuuliza, chaga ni nini? Akasema ngoja acheki na timu, atanirudia.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi vitanda, Keko, Dar es Salaam