Daktari akifungua tumbo, msimlaumu

Mhariri,

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Ndiye ninayempa daktari vifaa mkononi. Naandika kwa sababu ya swali ambalo ndugu wa wagonjwa wa mawe ya nyongo hutuuliza kwa uchungu: "Mlisema matundu madogo, mbona mmempasua tumbo?"

Upasuaji wa matundu wa kutoa mfuko wa nyongo wenye mawe ni neema, sibishi. Kwa kawaida hutobolewa matundu manne, moja likiwa kitovuni, kisha tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksidi ili kamera ipate nafasi ya kuona. (Hewa hiyo ndiyo mara nyingi huleta yale maumivu ya bega baada ya operesheni, na wagonjwa wengi hushtuka kwa kuwa hawakuambiwa.)

Lakini kabla ya kukata chochote, daktari huondoa mafuta na utando kwenye shingo ya mfuko wa nyongo mpaka aone wazi vitu viwili tu vinavyoingia mfukoni: mrija wake na mshipa wake wa damu. Mfuko uliovimba mara kwa mara hugandamana na ini na utumbo, mipaka yote ikapotea. Na hapohapo jirani umepita mrija mkuu unaopeleka nyongo kutoka kwenye ini hadi kwenye utumbo. Huo ukikatwa kwa kudhaniwa ndio ule mdogo, nyongo humwagika tumboni, au macho yakawa ya manjano, na mgonjwa huenda akahitaji operesheni nzito kuliko ile aliyoiogopa.

Daktari asiyeona vizuri akasema "tunafungua" anamlinda mgonjwa wenu. Wala mkato huo si wa kubahatisha. Daktari Mjerumani, Carl Langenbuch, alitoa mfuko wa nyongo kwa kufungua tumbo mjini Berlin mwaka 1882, na njia hiyo ilitumika kwa zaidi ya miaka mia moja, hadi Mjerumani mwingine, Erich Mühe, alipoutoa kwa matundu mwaka 1985. Hata yeye wenzake walimpinga kwanza.

Najua mkato mkubwa una gharama yake: maumivu zaidi, siku nyingi zaidi wodini, na wiki kadhaa kabla ya kurudi kazini. Ndiyo maana hasira ya ndugu naielewa. Fomu ya ridhaa husomwa harakaharaka, mgonjwa ameshavaa gauni na anasubiri nusu kaputi. Jambo zito kama hili haliwezi kuelezwa wakati huo.

Nawaomba madaktari walieleze kliniki, siku operesheni inapopangwa, ndugu wakiwepo. Nanyi wagonjwa, msione haya kuuliza: "Daktari, ukiona nini ndani ndipo utafungua tumbo langu?" Daktari mzuri hachukizwi na swali hilo, atalijibu.

Muuguzi, chumba cha upasuaji