Ule mchanga mweusi wa korongoni

Shukuru mwanangu, vipi za huko? Huku Dodoma tuko salama, upepo wa mwezi wa nane ndo huo, vumbi mpaka kwenye sufuria ya ugali.

Unakumbuka tulivyokuwa tunabomoa spika za redio mbovu tunatoa sumaku tunaenda kuiburuta korongoni? Juzi nimemfungia binti yangu kamba kwenye sumaku akaburuta mwenyewe, ule mchanga mweusi ukasimama vilevile kama miiba ya nungunungu, pembeni inapinda yenyewe kufuata nguvu ilipo. Nikachuchumaa pale muda mrefu, maana usiku wake nilikuwa nasoma habari za sayari ya Jupita.

Sikia basi. Dunia yetu ni sumaku sababu ya chuma kilichoyeyuka kinachozunguka huko chini kabisa. Jupita ni haidrojeni, imebanwa mpaka inapitisha umeme kama chuma, na sumaku yake inaizidi yetu karibu mara 20,000! Ndo maana kwenye ncha zake kuna zile taa za angani, aurora. Zetu sisi zinategemea jua, likipuliza sana zinawaka, likitulia zinafifia. Za Jupita hazizimi. Hapo ndo usingizi uliponiruka, kumbe kuna mwezi wake unaitwa Io, umejaa volkano, unatema kama tani moja ya gesi ya salfa kila sekunde, ile gesi ikishapata chaji ya umeme inanaswa na sumaku na kuzungushwa nayo kwa kasi maana Jupita inajizungusha chini ya saa 10, basi umeme unashuka mpaka kwenye ncha na anga linawaka. Halafu Io yenyewe ina doa lake mle ndani ya aurora, linang'aa na kumfuata kila anapokwenda, kama mtu anayetembea usiku na tochi.

Mars ndo inaniuma. Ilikuwa na sumaku yake, ikafa miaka kama bilioni 4 iliyopita, upepo wa jua, zile chembe zenye umeme zinazotoka kwenye jua, ukaanza kuila hewa yake kidogo kidogo, sumaku imebaki vipande tu kwenye miamba. Ila Machi 2024 kile kigari cha Wamarekani kinachotembea huko Mars, Perseverance, kimepiga picha ya aurora usiku, anga lote lina ukijani. Kwenye sayari kavu vile!

Jupita kwa macho ni ile nyota kubwa isiyopepesa, msimu ikitoka alfajiri amka uitazame. Sumaku ya ile spika kubwa bado ninayo, ukija Desemba mlete dogo, mvua za kwanza zikishapita korongoni mchanga mweusi unakuwa mwingi.