Binti yangu, umeuliza wahandisi wanalipwa shilingi ngapi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jana nikiwa saiti, greda linanguruma pembeni, nikashindwa kukujibu. Uliuliza: "Mama, kwani wahandisi wa ujenzi wanalipwa shilingi ngapi?" Nilipokuwa kidato cha sita nilimuuliza mwalimu swali hilohilo, akaniambia inategemea, na sikuambulia kitu. Wewe nitakupa hesabu kamili.

Yupo kijana ninayefanya naye kazi hapa kambini, ana mwaka wa pili tangu ahitimu. Mkataba wake unasema shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Mfuko wa hifadhi ya jamii unakata asilimia 10, yaani 120,000. Kodi ya mapato inakatwa kwenye kinachobaki, 152,000. Alisoma kwa mkopo, kwa hiyo Bodi ya Mikopo nayo inachukua asilimia 15 ya mshahara, 180,000. Kinachoingia benki ni 748,000. Yeye analala na kula kwa kampuni, anaweka akiba, na amenunua kiwanja kwao. Mwenzake waliyehitimu pamoja yuko Dar es Salaam kwa mshahara kama huo, anapanga chumba, anapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na tarehe 20 anaanza kukopa. Kwa hiyo ukisikia mtu anataja mshahara, muulize kwanza analala wapi.

Serikalini, kwa maana ya TANROADS (wakala wa barabara kuu), TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) na halmashauri, mshahara unafika mwezi hadi mwezi na una uhakika wa kesho. Nafasi zake ni chache na wanaoitwa kwenye usaili ni wengi mno. Wengi wenu mtaanzia kwa makandarasi, na huku kwa makandarasi ndiko ninakokujua.

Huku ajira inafuata mradi. Mradi ukiisha, mkataba wako umeisha. Na pesa ina safari ndefu kabla ya kukufikia: kazi ya mwezi inapimwa, mkandarasi anaandaa hati ya malipo, mhandisi mshauri anaikagua na kuiidhinisha, halafu mwenye mradi analipa. Akichelewa, kampuni ndogo isiyo na akiba inachelewesha mishahara. Hata akilipa kwa wakati, sehemu fulani ya kila malipo huzuiwa, na nusu ya zuio hilo husubiri mpaka kipindi cha matazamio, yaani cha kuangalia kama kazi ina kasoro, kiishe, mara nyingi mwaka mzima baada ya kukabidhi kazi. Mwaka 2009 nilikaa miezi minne bila mshahara. Ulikuwa na mwaka mmoja na nusu. Bibi yako alikuwa anatutumia mchele kwa basi kutoka Kahama, na mimi nilikuwa naupokea stendi alfajiri kabla ya kwenda kusimamia kazi ambayo silipwi. Sikuwahi kukuambia, na nakuambia leo ili uingie ukijua. Usikubali kazi kabla hujauliza kampuni hiyo inalipa mishahara kwa pesa zake au inasubiri hati. Waulize madereva na mafundi, wao watakwambia ukweli.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko mshahara wa kwanza. Ukihitimu, Bodi ya Usajili wa Wahandisi inakusajili kama mhandisi mhitimu. Kuwa mhandisi mtaalamu, mwenye muhuri wake, unahitaji miaka isiyopungua mitatu ya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, ukiandika kila unachofanya na kuandaa ripoti. Tangu 2003 upo mpango wa Bodi wa mafunzo kwa vitendo wa miaka hiyo mitatu, na ukipata nafasi uishike. Mimi nilichelewa miaka sita. Nilikuwa nafanya kazi zote, mwingine anasaini, na mwingine huyo alikuwa analipwa zaidi ya mara mbili yangu. Miaka ile najuta mpaka leo.

Anayesaini analipwa zaidi kwa sababu jengo likianguka ataitwa yeye. Ijumaa Kuu ya 29 Machi 2013 nilikuwa Dar es Salaam wakati jengo la ghorofa 16 lilipoanguka mtaa wa Indira Gandhi. Walikufa watu 36. Tangu siku ile sijawahi kusaini kitu nikiwa na haraka.

Wiki iliyopita tulikuwa tunamwaga zege la kalavati, saa mbili usiku. Gari la pili lilipofika nikaona zege linateleza kama uji. Nikaagiza koni ya kupimia ulaini wa zege. Unaijaza kwa matabaka matatu, kila tabaka unalichoma kwa fimbo ya chuma mara 25, unasawazisha juu, unainua koni polepole, halafu unapima zege limeshuka kiasi gani. Lile halikushuka, lilimwagika lote. Dereva alikuwa ameongeza maji njiani ili limwagike kwa urahisi, na maji yakizidi zege linapoteza nguvu. Nikalirudisha. Meneja alipiga simu mara tatu, mafundi wamesimama, muda unakwenda, na pesa ya gari zima imepotea. Yule kijana niliyekutajia alikuwa kando yangu ameshika tochi, mkono unamtetemeka. Mwanangu, mimi nalipwa kwa ajili ya dakika zile kumi.

Na kuna fani ya pili ndani ya hii, ambayo chuoni haitapewa uzito wake: kusoma mkataba. Wanaofika kwenye umeneja wa miradi, na ndiko mishahara mizuri iliko, ni wale wanaojua kudai muda wa nyongeza na kupima kazi iliyobadilishwa. Mvua ya masika ilitusimamisha siku 19 kwenye mradi mmoja. Niliandika kila siku kwenye daftari la saiti: saa ilipoanza, mitambo iliyosimama, watu waliokaa bure. Daftari lile liliiokoa kampuni na faini ya kuchelewa, na mwezi uliofuata nilipandishwa cheo. Kama hesabu za pesa zinakuvutia kuliko za nguvu za nondo, fikiria ukadiriaji majenzi, yaani kukokotoa gharama za ujenzi, kule Chuo Kikuu Ardhi. Ni kazi ya heshima na ina bodi yake.

Ukitaka kuvuka mpaka, Kenya, Uganda na Tanzania zilikubaliana kutambua wahandisi wa kila nchi, lakini wanaonufaika ni waliokwisha sajiliwa. Unaona tumerudi palepale kwenye usajili.

Kuhusu kuwa mwanamke saiti, hilo tutazungumza ana kwa ana, ni refu. Kwa leo nakwambia tu kwamba fomeni wangu wa kwanza alikataa kunisikiliza miezi miwili, na ndiye aliyekuja kucheza ngoma kwenye harusi yangu.

Usijaze fomu ya chuo bado. Likizo hii panda basi uje ukae nami wiki mbili, ushike koni mwenyewe. Viatu vyangu vya saiti vya zamani viko chini ya kitanda cha bibi yako. Vijaribu, nadhani sasa vinakutosha.

Mama yako