Injini inakubali, shamba je?

Ndugu Mhariri,

Makala yenu yamesema mafuta ya magari yatokanayo na mimea yatatuondolea shida ya petroli. Mimi ni fundi wa injini za dizeli, naomba nitie neno.

Kwamba injini inakubali, hilo halina ubishi. Kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900, injini ya Rudolf Diesel ilinguruma kwa mafuta ya karanga. Brazili ilianza mpango wake wa ethanoli (pombe ya kuendeshea magari) ya miwa mwaka 1975 na mpaka leo magari yanaitumia.

Ila mteja wangu mmoja alijaza biodizeli tupu (dizeli itengenezwayo kwa mafuta kama ya mimea) bila kuuliza. Haikupita muda gari likaanza kukata pumzi mlimani. Nilipofungua filta nikakuta tope jeusi: biodizeli huyeyusha uchafu uliogandia tangini miaka na miaka, kisha ikausukuma mbele. Mipira ya mafuta, ya kizamani, ilikuwa imevimba na kulegea. (Bili hakuifurahia.)

Kinachonisumbua zaidi ni shamba. Lita ya ethanoli ina nishati pungufu ya petroli kwa karibu theluthi moja, na mahindi ya kuitengenezea yanataka mbolea, trekta na moto wa kukenekea. Ukifyeka msitu upande michikichi, deni la kaboni, yaani hewa chafu iliyotoka kwenye msitu uliofyekwa, hulilipi leo wala kesho. Mbono kaburi (jatrofa, mmea ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta) nao tulisifiwa kwamba hauogopi ukame. Kweli hauogopi, lakini kwenye ardhi kavu mbegu zake ni za kuhesabu.

Mafuta yaliyokwisha kukaangia nayaunga mkono, maana hayaombi hata ekari moja. Lakini yasafishwe na kugeuzwa biodizeli kwanza. Nozeli, vile vitundu vya kupulizia mafuta ndani ya injini, zikiziba, simu ya usiku wa manane inakuja kwangu.

Fundi Dizeli