Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Usajili wa Magari

YAH: NAMBA BINAFSI YA GARI LA MAREHEMU BABA YANGU ISIGAWIWE MTU MWINGINE

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam, na heshima zako. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeshakuandikia barua tatu kwa utaratibu wa kawaida. Zote ziligongwa muhuri mapokezi na nakala ninazo. Hii ya nne naiweka hadharani kwa sababu ya kilichonipata Jumatatu ya wiki hii kwenye dirisha namba 4 la ofisi yako. Nilipanga foleni tangu saa mbili asubuhi. Ilipofika zamu yangu, kijana wa dirishani alitazama kompyuta yake, akaniambia namba ninayoifuatilia "imefutika pamoja na gari", na kwamba ikifunguliwa tena itakuwa ya atakayewahi. Nikamwonyesha risiti kwamba nililipia ihifadhiwe. Akaniambia, "Mzee, mbona namba ziko nyingi? Chagua nyingine."

Ndugu Mkurugenzi, siwezi kuchagua nyingine.

Namba hiyo ni herufi za mwanzo za majina matatu ya baba yangu, ikifuatiwa na mwaka aliozaliwa. Aliiomba mwenyewe, akailipia mwenyewe. Miaka yake ya mwisho macho yalimwishia kabisa. Asubuhi alikuwa akitoka na fimbo, anapapasa ukuta hadi lilipoegeshwa gari, anainama, kisha anapitisha kidole gumba juu ya zile herufi zilizotuna kwenye kibao, moja baada ya nyingine, hana haraka. Akifika tarakimu ya mwisho anasema, "Ndilo lenyewe." Ndipo anafungua mlango na kukaa, hata kama siku hiyo hatuendi popote. Kibao cha mbele ninacho hapa mezani ninapoandika. Herufi ya kwanza imechujuka rangi upande wa kushoto, pale kidole chake kilipokuwa kikianzia. Bati linaonekana.

Baba alipofariki gari nalo lilikuwa limekwisha. Kutu ilikuwa imekula chesisi, na fundi wetu wa miaka yote alinishauri nisiendelee kulitia pesa. Nikakubali liende kwenye chuma chakavu. Nilichotaka kibaki ni namba, ili siku nikipata gari lingine niiweke.

Na hapa naomba unisikilize vizuri, maana naona hata watumishi wako wengine hawalielewi jambo hili. Kuhifadhi namba si kung'oa vibao na kuviweka kabatini. Vibao ni bati tu. Namba yenyewe inaishi kwenye daftari la usajili, imefungwa kwa gari fulani. Kuihifadhi ni kuifungua kwenye gari hilo, gari likapewa namba ya kawaida, na mwenye namba akapewa cheti kinachosema hii ni yake kuitumia hadi muda fulani. Hilo likishakamilika, ndipo usajili wa gari unaweza kufutwa. Ukianza kufuta gari, namba inakufa nalo. Kwa hiyo kipi kinatangulia ni kila kitu, na fomu ya ofisi yako yenyewe inasema hivyo nyuma, kwa maandishi madogo.

Nilisoma maandishi hayo. Nilimwuliza karani kama nirudi kuleta fomu ya kufuta gari baada ya kupata cheti. Alizichukua fomu zote mbili siku ileile, akasema zitakwenda pamoja na kwamba cheti kitakuwa tayari ndani ya siku 14. Leo ni mwezi wa kumi na moja tangu siku hiyo. Gari lilifutwa kwa siku tatu! Siku tatu kwa fomu ya kufuta, miezi kumi na moja kwa fomu ya kuhifadhi, na zote zilipita mkono mmoja.

Ilikuwaje? Nadhani fomu mbili ziliingia vyumba viwili visivyozungumza. Kuna mtu kwenye foleni aliyeniambia namba nzuri huachwa zife makusudi ili ziuzwe upya. Sina ushahidi wa hilo na simtuhumu mtumishi yeyote. Lakini miezi kumi na moja ya kuambiwa "mtandao uko chini", "faili halionekani", "bosi yuko kwenye kikao", inamfanya hata mtu mwenye imani aanze kusikiliza maneno ya foleni.

Wenzetu wameliweza jambo hili. Uingereza, ambako kusajili magari kwa namba kulianza kuwa lazima tarehe 1 Januari 1904, mtu hulipa pauni 80, hupewa cheti, na namba yake hukaa ikimngoja hadi miaka 10. Muda ukikaribia kwisha anaomba kuongezewa. Hata huko, ukiuza gari au ukaliharibu kabla ya kuitoa namba, haki yako imepotea. Sheria ni kali, ila inambana mwenye gari aliyezembea. Mimi sikuzembea. Uswisi wamekwenda mbali zaidi: namba humfuata mtu, na asiyekuwa na gari kwa sasa huviacha vibao vyake kwa mamlaka akavichukua baadaye.

Msaidizi wako aliniambia kwa simu kwamba namba ni mali ya serikali. Nakubali, na sijawahi kusema vinginevyo. Ninachodai ni haki ya kuitumia, niliyoilipia ada mkaipokea. Vibao sijavibandika kwenye gari lolote, najua ni kosa. Huwa vimefungwa kwenye kanga ya mama.

Mama ndiye anayeniumiza zaidi. Kila nikirudi kutoka ofisini kwako ananiuliza kabla sijavua viatu, "Namba ya baba yako imepatikana?" Safari ya kwanza nilimjibu wiki ijayo. Ya tano nikamjibu mwezi ujao. Jumatatu nilipita mlango wa nyuma.

Ulipozindua mfumo mpya wa huduma uliahidi mbele yetu kwamba mwananchi hatarudi ofisini mara mbili kwa jambo moja. Nilikuwepo, nilipiga makofi. Nimerudi mara kumi na tisa, Ndugu Mkurugenzi. Kila safari ni siku ya kazi iliyopotea, na hakuna hata mara moja niliyoambiwa kosa ni langu.

Nilikuwa nimepanga kudai mengi katika barua hii. Nilitaka cheti changu, maelezo ya maandishi, karani aulizwe, na gari lirudishwe kwenye daftari hata kwa siku moja ili namba itolewe kwa utaratibu. Hayo yote bado nayadai, na naamini yanawezekana, kwa sababu aliyefuta kwa kosa anaweza kufufua kwa kukiri kosa. Lakini yanaweza kungoja. Kuna moja lisiloweza kungoja hata kesho: namba hiyo izuiwe kwenye mfumo asipewe mtu. Mtu akishaiweka kwenye gari lake kihalali, nitamnyang'anyaje? Naye atakuwa na risiti kama mimi.

Izuieni leo. Namba ya faili iko juu ya kila barua kati ya zile tatu. Ni kazi ya dakika chache kwa mwenye ruhusa ya kuingia kwenye mfumo, na ruhusa hiyo unayo wewe.

Wako mtiifu,
Mwombaji wa dirisha namba 4